Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kutoka Sarajevo hadi Kariakoo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Jibu linapogusa jambo lililoelezwa kwingine, namba ya swali imetajwa ili kuepuka kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Vita hivi vilipiganwa lini, na kati ya nani na nani?

Vilianza tarehe 28 Julai 1914, Austria-Hungaria ilipotangaza vita dhidi ya Serbia. Ulaya bunduki zilinyamaza saa tano asubuhi, tarehe 11 Novemba 1918. Upande mmoja walikuwa Ujerumani, Austria-Hungaria, Dola ya Uthmaniya na Bulgaria. Upande wa pili walikuwa Ufaransa, Urusi, Uingereza, Serbia, Ubelgiji na Japani, wakaongezeka Italia (Mei 1915) na Marekani (Aprili 1917), pamoja na wengine wengi. Makoloni yaliingizwa bila kuulizwa.

Watu zaidi ya milioni 65 waliitwa jeshini, na askari kati ya milioni 9 na 10 hawakurudi. Afrika Mashariki vita viliendelea wiki mbili baada ya Ulaya kutulia (swali la 14).

2. Tuseme "Vita Kuu ya" au "Vita Vikuu vya"?

Zote hutumika. "Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia" limeshakuwa jina la tukio, ndiyo maana upatanisho wake haufuati "vita vile, vita hivi" vya kawaida. Kabla ya 1939 hakukuwa na sababu ya kusema "ya Kwanza". Watu walisema Vita Kuu tu.

## Sababu

3. Kuuawa kwa mtu mmoja kuliwezaje kuiwasha dunia nzima?

Tarehe 28 Juni 1914, Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, alizuru Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, nchi ambayo Austria ilikuwa imeitwaa rasmi mwaka 1908. Asubuhi hiyo alirushiwa bomu likamkosa, likajeruhi watu wa gari la nyuma. Baadaye dereva wake alikosea njia karibu na Daraja la Kilatini, akasimamisha gari ili arudi nyuma. Hapo alikuwa amesimama Gavrilo Princip, Mserbia wa Bosnia mwenye umri wa miaka 19, akiwa na bastola. Mrithi na mkewe Sophie wakafa wote wawili.

Lakini wakuu wengi walikuwa wameuawa miaka hiyo bila vita kuzuka. Tofauti ilitokana na yaliyofuata. Silaha za Princip na wenzake zilikuwa zimepitia mikononi mwa maofisa wa ujasusi wa jeshi la Serbia, na Austria ikaona imepata sababu ya kummaliza jirani yake. Tarehe 5 Julai Ujerumani iliiahidi Austria kuiunga mkono kwa lolote itakaloamua. Tarehe 23 Julai Austria ikaipa Serbia masharti makali na saa 48 za kujibu. Serbia ilikubali mengi, ikakataa wapelelezi wa Austria kufanya kazi ndani ya ardhi yake. Siku tano baada ya masharti kutolewa, vita vikatangazwa.

4. Mapatano ya kulindana yalichangia vipi?

Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia zilikuwa na mkataba tangu 1882. Ufaransa na Urusi zilifungamana kufikia 1894. Uingereza ilimaliza ugomvi wake na Ufaransa mwaka 1904 na ule wa Urusi mwaka 1907, bila kuahidi kwa maandishi kwamba itapigana.

Vitabu vingi vya shule huchora mapatano haya kama kamba: ukivuta moja, zote zinafuata. Picha hiyo ni nusu ya ukweli. Italia ilikuwa na mkataba na Ujerumani, ikakaa pembeni mwaka 1914, kisha ikaingia upande wa pili. Mapatano hayakumlazimisha mtu. Yaliwapa wakuu ujasiri wa kufanya ukaidi wakijua hawako peke yao.

5. Mbona hawakusimama walipoona hatari?

Jibu la kwanza ni ratiba ya treni. Jeshi la watu milioni halitembei kwa miguu kwenda mpakani, hupakiwa. Kila kikosi, farasi na mzinga vilikuwa vimepangiwa behewa, stesheni na saa. Ujerumani iliogopa kupigana na Ufaransa na Urusi kwa wakati mmoja, hivyo mpango wake, unaojulikana kwa jina la Jenerali Schlieffen, ulikuwa kuipiga Ufaransa ndani ya wiki sita kwa kupitia Ubelgiji, kisha kupeleka jeshi mashariki kabla Urusi haijakusanya watu wake.

Kwa mpango huo, kila siku Urusi iliyotangulia kuita jeshi ilikuwa siku iliyopotea kwa Berlin. Tsar, mfalme wa Urusi, aliamuru jeshi lote liitwe tarehe 30 Julai. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi. Jioni hiyohiyo Kaizari Wilhelm wa Ujerumani, akidhani Uingereza itakaa kando, alimwambia mkuu wake wa majeshi, Moltke, apeleke jeshi lote mashariki. Moltke alijibu kwamba haiwezekani: treni 11,000 haziwezi kupangwa upya usiku mmoja. Katika wiki mbili zilizofuata, treni kama 2,150 zilivuka daraja moja tu la mto Rhine mjini Köln, moja kila baada ya dakika kumi.

Tarehe 4 Agosti majeshi yakaingia Ubelgiji, nchi ambayo mkataba wa London wa 1839 ulilinda kutofungamana kwake. Saa tano usiku, saa za London, Uingereza nayo ikawa vitani.

6. Basi nani alaumiwe?

Kifungu cha 231 cha Mkataba wa Versailles (swali la 18) kiliibebesha Ujerumani na washirika wake dhamana ya hasara yote. Kuanzia miaka ya 1960 wanahistoria wa Ujerumani wenyewe walibishana vikali kuhusu jambo hili. Tukizipima hatua za Julai 1914 moja moja, mzigo mkubwa uko Vienna na Berlin, yaani Austria na Ujerumani: mmoja alitaka vita vidogo, mwingine alimpa idhini isiyo na mipaka. Urusi ilifanya haraka ya hatari, Serbia ilifumbia macho maofisa wake, na Uingereza ilichelewa kusema wazi itafanya nini. Kulaumu "wote sawasawa" ni kukwepa swali.

7. Je, ugombeaji wa makoloni ndio uliosababisha vita?

Ulichangia kutoaminiana, hasa migogoro ya Morocco ya 1905 na 1911, iliyowasukuma Waingereza na Wafaransa kukaa karibu zaidi. Ila mwaka 1914 hapakuwa na ugomvi wa koloni uliokuwa unachemka. Waingereza na Wajerumani walikuwa wameshagawana Zanzibar na Helgoland kwa mkataba wa 1890, na mashindano yao makali yalihusu manowari, hasa baada ya Uingereza kuunda manowari Dreadnought mwaka 1906. Cheche ilitoka Balkani. Kwenye mtihani, taja makoloni kama kuni, usiyafanye kibiriti.

## Vita vilivyopiganwa Ulaya

8. Kwa nini walikwama kwenye mahandaki miaka minne?

Mpango wa wiki sita ulivunjika kwenye mto Marne, Septemba 1914. Baada ya hapo kila upande ulichimba, na mstari wa mahandaki ukafika kutoka bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi.

Tatizo lilikuwa hili. Anayeshambulia huvuka uwanja wa matope kwa miguu, mbele yake kuna seng'enge na bunduki ya rashasha inayotema risasi zaidi ya 400 kwa dakika. Hata akifaulu kutoboa mstari, mlinzi huleta askari wa akiba kwa treni kabla yeye hajaburuta mizinga yake kuvuka mashimo ya mabomu. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya Somme, jeshi la Uingereza lilipoteza watu 57,470, kati yao 19,240 wakiwa wamekufa.

Gesi ya klorini, iliyotumiwa kwa wingi mara ya kwanza Ypres tarehe 22 Aprili 1915, ilitisha lakini haikumaliza mkwamo. Upepo ukigeuka, inamrudia aliyeifungua. Vifaru vilitokea Septemba 1916, vikienda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na vingi viliharibika kabla ya kufika. Kilichoua zaidi miaka yote minne ni mizinga.

9. Ujerumani ilishindwa kwa nini, ikiwa Urusi ilitoka vitani?

Urusi ilitoka baada ya mapinduzi mawili ya 1917, kwa mkataba wa Brest-Litovsk wa Machi 1918. Lakini Ujerumani ilikuwa imeshamtia Marekani vitani kwa kuruhusu nyambizi zake kuzamisha meli yoyote kuanzia Februari 1917, na kwa telegramu ya siri iliyoahidi kuisaidia Mexico kurudisha ardhi yake. Wakati huohuo manowari za Uingereza zilizuia chakula kuingia Ujerumani, na raia wakawa na njaa. Mashambulizi makubwa ya Wajerumani ya Machi 1918 yaliishiwa nguvu, washirika wao wakaanguka mmoja baada ya mwingine, na mwisho wanamaji wao wenyewe wakaasi.

## Vita vilivyopiganwa Afrika Mashariki

10. Ugomvi wa Ulaya ulifikaje huku?

Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha mlango wa makoloni ya bonde la Kongo, pamoja na ukanda huu, kubaki nje ya vita vya Ulaya. Gavana Heinrich Schnee wa Afrika Mashariki ya Kijerumani aliutaka mlango huo. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuutaka: alitaka kuvuta askari wengi wa Uingereza huku ili wasiende Ulaya. Waingereza nao hawakuitaka bandari ya adui yenye mitambo ya mawasiliano kwenye njia yao ya India. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari Astraea ikapiga mabomu kituo cha redio cha Dar es Salaam. Wiki moja baadaye Wajerumani wakaiteka Taveta.

11. Ni kweli nyuki ndio walioshinda Tanga?

Nyuki walikuwepo. Mizinga yao ilikuwa mitini, risasi zikaipasua, wakawauma watu wa pande zote mbili. Lakini si wao walioamua.

Jenerali Aitken alifika na askari kama 8,000 kutoka India, tarehe 2 Novemba 1914. Badala ya kushuka ghafla, nahodha wa manowari aliingia kwanza bandarini kuwaarifu wakuu wa mji kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yamefutwa, akauliza na kama bandari imetegwa mabomu. Wajerumani wakapata siku nzima. Waliitumia kuwaleta askari kutoka Moshi kwa reli ya Usambara, hadi kufika kama 1,000. Waliotoka India walishuka Ras Kasone wakiwa wamechoshwa na wiki za baharini, wengi hawajawahi kufanya mazoezi pamoja, na hakuna aliyetangulia kupeleleza njia. Tarehe 5 walirudi melini wakiacha mamia ya bunduki, bunduki za rashasha na mamia ya maelfu ya risasi. Lettow-Vorbeck aliwapa askari wake silaha hizohizo.

12. Meli mbili zinazotajwa sana, Königsberg na Goetzen, zilikuwa na kazi gani?

Königsberg, manowari ya Kijerumani, ilizamisha manowari ya Uingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye mikono ya mto Rufiji kwa kuwa injini yake ilihitaji matengenezo. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwenye maji mafupi, ikabidi zisubiriwe boti za mizinga Severn na Mersey. Ziliimaliza Julai 1915, ndege ikielekeza mizinga kutoka juu. Wajerumani wakavua mizinga yake kumi, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam, na kuiburuta bara kwa mamia ya watu wenye kamba. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus, meli iliyozamishwa nayo.

Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku kama 5,000 na kupelekwa Kigoma kwa reli ya kati. Mwaka 1916, Wabelgiji walipokaribia, wahandisi wake waliipaka mashine grisi nene na kuizamisha wenyewe kwa uangalifu. Grisi ile ndiyo iliyoiokoa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikasafiri Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba.

13. Kwa nini walihitajika wapagazi wengi kiasi kile?

Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Magari yalizama kwenye udongo mweusi mvua ikinyesha. Reli zilikuwa mbili tu upande wa Wajerumani, na Waingereza walilazimika kujenga nyingine kutoka Voi kupita Taveta hadi kuungana na ya Usambara. Reli inapokwisha, linabaki bega la mtu.

Fanya hesabu. Mpagazi hubeba kilo 25 na hula kilo 1 ya unga kwa siku. Askari wakiwa mwendo wa siku 10, kwenda na kurudi ni siku 20, amekula kilo 20 za mzigo wake. Anafikisha kilo 5. Kulisha askari 1,000 kwa kilo 1 kila mmoja, waondoke wapagazi 200 kila siku, na njiani wawepo 4,000 wakati wote. Sogeza askari hadi siku 12: mpagazi anafikisha kilo 1 tu, na njiani wanahitajika 24,000. Hapo hujabeba risasi, dawa wala majeruhi. Maofisa walipunguza makali kwa kuweka vituo na kunyang'anya chakula cha vijiji vya njiani, na hapo ndipo balaa la raia lilipoanzia (swali la 17).

Kwa upande wa Uingereza pekee, waliopitia kazi hii wanakadiriwa kufika milioni 1.

14. Inasemekana Lettow-Vorbeck hakushindwa kamwe. Ni kweli?

Hakukamatwa, hilo ni kweli. Ila Dar es Salaam ilichukuliwa na Waingereza na Tabora na Wabelgiji, zote Septemba 1916. Huko Mahiwa, bara ya Lindi, Oktoba 1917, aliwaua na kuwajeruhi zaidi ya nusu ya jeshi la Uingereza lililomkabili, lakini aliishiwa risasi na watu, na mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kwenda kujitafutia silaha za Wareno kule Ngomano. Alizunguka Msumbiji, akarudi, akaingia Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Habari za amani zilimkuta huko, baada ya kuchukua Kasama tarehe 13 Novemba 1918. Akasalimisha silaha Abercorn, leo Mbala, tarehe 25 Novemba, akiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168, mbali na wapagazi, wanawake na watoto.

Sifa za "vita vya kiungwana" ziliandikwa baadaye na waliokuwa wamepanda farasi. Jeshi lake liliishi kwa kuchukua chakula cha watu, na wapagazi wake wengi walikuwa wamekamatwa.

15. Wapagazi walikufa kwa risasi?

Wachache. Takwimu rasmi za Waingereza zilikubali vifo zaidi ya 95,000 vya wapagazi wao, na wengi waliochunguza huona idadi hiyo ni ndogo. Wauaji wakuu walikuwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu.

Chanzo kimoja kilikuwa sufuria. Unga wa mahindi uliotolewa ulikuwa wa chenga, unaohitaji kuchemka muda mrefu. Wapagazi walifika kambini usiku, kuni mbichi, sufuria moja kwa watu wengi. Wakala ukiwa nusu mbichi, na chenga zikakwaruza matumbo ambayo tayari yalikuwa na ugonjwa. Waliotoka Uganda, waliozoea matoke, waliumia zaidi. Waliotoka nyanda za juu walipelekwa Rufiji na Kilwa bila kinga yoyote ya malaria, na wengi hawakuwa na blanketi la pili. Chakula na hospitali vilirekebishwa kwa kiasi mwaka 1917, wakati maelfu wamekwisha kuzikwa.

16. Watu walijiunga kwa hiari au kwa nguvu?

Askari wengi walijiunga kwa mshahara, hadhi na ngawira, pande zote mbili. Keya, jeshi la Waingereza, lilikua kutoka vikosi 3 mwaka 1914 hadi 22 mwaka 1918. Wapagazi ni habari nyingine. Sheria ya 1915 katika Kenya ya leo iliruhusu kuwachukua wanaume kwa lazima, kwa ujira uliopunguzwa hadi takriban rupia 5 au 6 kwa mwezi, na machifu walipewa idadi ya vichwa vya kutoa.

Watu walikataa. Wagiriama, ambao Mekatilili wa Menza alikuwa amewahamasisha tangu 1913, walipigwa vita Agosti 1914, Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, kisha wakatozwa faini ya rupia 100,000 na vijana 1,000 wa kazi. Nyasaland (leo Malawi), mchungaji John Chilembwe aliandika kupinga Waafrika kufa kwa ugomvi usio wao, akaongoza uasi Januari 1915, akauawa.

17. Raia walipatwa na nini?

Ugogo ndiko kunakoeleweka zaidi. Wajerumani walichukua nafaka na ng'ombe wakirudi nyuma, Waingereza wakachukua vilivyobaki pamoja na wanaume. Mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba. Wagogo waliiita njaa hiyo Mtunya, na inakadiriwa iliua watu kama 30,000, mmoja katika kila watano. Mwishoni mwa 1918 ikaja homa kali ya mafua, ikishukia bandarini na kupanda bara na reli na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao. Duniani kote iliua watu wengi kuliko vita vyenyewe.

## Matokeo

18. Mkataba wa Versailles uliamua nini?

Ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919, miaka mitano kamili tangu Sarajevo. Ujerumani ilipoteza makoloni yote, jeshi lake likawekewa kikomo cha watu 100,000, na mwaka 1921 fidia ikapangwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Sehemu kubwa haikulipwa. Salio la riba za mikopo yake lilimalizwa Oktoba 2010. Dola nne zilikuwa zimeanguka: ya Ujerumani, ya Austria-Hungaria, ya Urusi na ya Uthmaniya. Uingereza na Ufaransa ziligawana nchi za Waarabu, na athari zake bado zipo Palestina, Syria na Iraki.

19. Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanywaje?

Uingereza ilichukua sehemu kubwa na kuiita Tanganyika mwaka 1920. Ubelgiji, ambayo majeshi yake yalifika Tabora, ilipewa Ruanda-Urundi. Ureno ilipata pembe ndogo ya Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma. Kisheria haya hayakuwa makoloni bali maeneo ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa. Kwa mlipa kodi wa siku ile tofauti haikuonekana, ila miaka ya 1950 Tanganyika iliweza kupeleka madai yake Umoja wa Mataifa, jambo ambalo Kenya haikuweza.

20. Waliorudi Kenya walipata nini?

Wazungu waliopigana waligawiwa zaidi ya mashamba 1,000 kwenye nyanda za juu kuanzia 1919. Waafrika walipata kipande (kitambulisho cha lazima) cha kuvaa shingoni, kodi iliyoongezwa, na mishahara iliyopangwa kushushwa. Malimbikizo ya ujira wa wapagazi waliokufa, ambao jamaa zao hawakupatikana, hayakufika vijijini. Harry Thuku, mwanaharakati wa Nairobi, aliyasemea haya ya kipande, kodi na mishahara, akakamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 polisi wakawafyatulia risasi watu waliokusanyika Nairobi kumdai. Takwimu rasmi ni vifo 21.

21. Je, Versailles ndiyo iliyoleta vita vya pili?

Uliacha uchungu, na Hitler aliutumia. Ila katikati ya miaka ya 1920 fidia ilikuwa imepunguzwa na Ujerumani imekubaliwa katika Shirikisho la Mataifa. Mdororo wa uchumi wa 1929 ndio uliompa kura. Mkataba ulikuwa mkali kiasi cha kuudhi, na hapakuwa na aliyekuwa tayari kuusimamia.

## Maswali ya pembeni

22. Jina Kariakoo lilitoka wapi?

Kwa jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, lililotamkwa Kiswahili. Dar es Salaam ni eneo walikopiga kambi baada ya 1916; Nairobi likawa Kariokor. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya 1927, inasimama pale Wajerumani walipokuwa wameweka sanamu ya gavana wao wa zamani, Wissmann. Sanamu ya Nairobi inawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi.

23. Sarafu ya dhahabu yenye tembo, ya Tabora 1916, ni halisi?

Ilikuwepo: rupia 15, iliyogongwa kwenye karakana ya reli ya Tabora kwa dhahabu ya Sekenke, kwa kuwa fedha haikuweza kufika kutoka Ujerumani. Za shaba ziligongwa kwa maganda ya risasi za mizinga. Nakala za bandia ni nyingi, kwa hiyo ipimwe uzito na mtaalamu kabla ya kutoa hela.

24. Ni kweli puto kubwa la Kijerumani lilitumwa kuleta dawa na risasi?

Ndiyo. L 59 iliondoka Bulgaria Novemba 1917, ikafika juu ya Sudan, ikaitwa irudi. Ilikaa angani saa 95. Haikupangwa kurudi: kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo.

25. Babu yetu alikuwa vitani. Tutampataje kwenye kumbukumbu?

Kwanza hakikisha ni vita vipi. Akiwa alitaja Bama (Burma, leo Myanmar) au Uhabeshi, hivyo ni vya pili. Rufiji, Kilwa, Mahenge, Lindi au Ngomano ni vya kwanza.

Kisha andika jina lake, la baba yake, la chifu na wilaya ya wakati ule, kwa kuwa wapagazi waliorodheshwa kwa wilaya na namba. Kama familia imehifadhi kisahani cha chuma chenye namba, hicho kina thamani kuliko hadithi yoyote. Jaribu tahajia nyingi: karani Mwingereza aliandika alichosikia, na jina la kijiji mara nyingi likawekwa mahali pa ukoo.

Askari wa Keya hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayotafutwa bure mtandaoni. Wapagazi ni vigumu. Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hao, nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa Nairobi ukaombe majalada ya wilaya ya 1914 hadi 1920. Kwa aliyemtumikia Mjerumani, majalada ya Kijerumani yako Hifadhi ya Nyaraka Dar es Salaam. Mengine yalizikwa ardhini Wajerumani walipokimbia na kufukuliwa baadaye, kwa hiyo kurasa nyingi zimeliwa na unyevu. Nenda na mtu anayesoma Kijerumani cha zamani cha kuandikwa kwa mkono.